DHIKI ZA WENYE DHAMANA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Amma baad.

Ndugu yetu msomaji, somo hili ni juu ya jambo ambalo kila mtu analo na wachache walitajao, nalo ni dhiki impatayo mtu si kwa maradhi wala kwa msiba, bali kwa sababu ya majina aitwayo. Mtu mmoja katika siku moja huitwa baba na wanawe, mume na mkewe, mwana na mamake mzee, mkwe na wakweze, na akifika kazini huitwa karani, au msimamizi, au mpagazi. Kila jina lina haki yake, na kila haki ina mdai wake, na wadai hawa hawakupata kuketi pamoja wakapatana ni nani atangulie kulipwa. Wote huja kwa wakati mmoja, na aghalabu huja jioni, mtu akiwa amechoka.

Dhamana twaiita ile kazi iliyomo ndani ya jina. Mtu hakuichagua yote. Uana alizaliwa nao. Ubaba ulimjia kwa kuoa. Unahodha alipewa na wenye chombo. Lakini akisha kuishika, watu humtazama kama wamtazamavyo mwenye mtungi kichwani: hawaulizi uzito wa maji, hutazama tu kama atamwaga. Na yule aliye chini ya mtungi, shingo yake ikimuuma, hawezi hata kugeuka kumtazama anayemwita. Hali hii watu wa pwani yetu, tangu Moa hata Pangani, huieleza kwa maneno mengi: roho imenisonga, kifua kimebana, moyo hauna nafasi. Siku hizi wengi husema msongo wa mawazo. Maneno ni mengi kwa kuwa jambo lenyewe ni la kila nyumba.

Nami siandiki haya kama mtu aliyesimama ufukoni akimtazama anayezama. Nalisomesha watoto katika chuo kimoja hapa Ngamiani. Siku moja asubuhi mwenye duka alinidai mbele ya watu. Adhuhuri ndugu yangu mdogo aliye Korogwe akaniletea khabari kwamba harusi yake imekaribia na yeye hana baba ila mimi. Baada ya alasiri akaja mtoto wa miaka minane na ubao wake, akatamka hamza mahali pa ain. Kosa hilo siku nyingine ningelicheka nikamsahihisha. Siku ile nalimpiga. Hakulia, alinitazama tu kama mtu amtazamavyo mgeni. Nikajua papo hapo ya kuwa sikumpiga kwa ajili ya ain. Nalimpiga mwenye duka, na harusi ya Korogwe, na mimi mwenyewe. Kesho yake mtoto hakuja, wala kesho kutwa.

Basi nikauliza, kama mwenye kuumwa anavyoulizia dawa: wenzetu walio kabla yetu, na watu wa mji huu, hufanyaje?

Lililo la kwanza kuondolewa ni dhana iliyo katika vichwa vya wengi, kwamba mwenye subira hasemi, na mwenye kusema amekosa subira. Dhana hii imewaua watu. Nabii Yaakub alikuwa mtume, na subira yake yatajwa kwa sifa, naye alimlilia Yusuf hata macho yake yakawa meupe, na akasema wazi kwamba huzuni yake amshitakia Mola wake. Na Mtume wetu (s.a.w.) aliposhuka kutoka pango la Hira akitetemeka, hakukaa peke yake akijikaza. Alikwenda nyumbani, akaomba afunikwe, akamweleza bibi Khadija kile anachokiogopa juu ya nafsi yake, na yule bibi akamtuliza kwa kumkumbusha mema yake moja moja, kisha akampeleka kwa jamaa yake mwenye elimu. Tazama mambo matatu hapa: kufunikwa, kusikilizwa, na kupelekwa kwa ajuaye. Sijaona katika vitabu vya tiba vya leo kitu kilichozidi haya, ila maelezo.

La pili ni khabari ya Salman na Abu Dardaa, iliyo mashuhuri katika vitabu vya hadithi, na ningependa msomaji aisikilize tena kana kwamba hajapata kuisikia. Mtume (s.a.w.) aliwafanya wawili hawa kuwa ndugu. Salman akaenda kumzuru mwenziwe, akamkuta mke wake, Ummu Dardaa, amevaa nguo chakavu, hana pambo. Akamwuliza: una nini? Akajibu kwamba nduguyo Abu Dardaa hana haja na dunia. Kisha mwenye nyumba akaja, akamwandalia mgeni chakula, naye mwenyewe alikuwa amefunga. Salman akakataa kula mpaka mwenziwe ale naye. Usiku Abu Dardaa akataka kuondoka kuswali, Salman akamwambia lala. Akataka tena, akamwambia lala. Hata ulipofika mwisho wa usiku akamwambia, sasa simama, wakaswali wote wawili. Ndipo akamweleza kwamba Mola ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wa nyumba yake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Abu Dardaa akamwendea Mtume kumweleza, naye akasema kwamba Salman amesema kweli.

Wengi huisoma khabari hii kwa ajili ya Abu Dardaa. Mimi nataka kumtazama yule mama. Hakushitaki kwa kadhi, hakumtukana mumewe. Alivaa nguo chakavu tu, akasubiri, na nguo zile zikasema. Bahati yake ni kwamba aliingia mtu mwenye macho, akauliza. Lishike jambo hili la nguo, tutalirudia.

Wataalamu wa siku zilizo karibu nasi nao wamefika karibu na mlango huo huo. Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal, alieleza jinsi mwili unavyoziitikia taabu za namna mbalimbali kwa njia moja: uwe ni ubaridi, au sumu, au kazi ya kupita kiasi. Na mwaka 1960 Mmarekani William Goode akaandika kwamba dhiki ya dhamana nyingi si ugonjwa wa mtu mmoja aliye dhaifu, bali ndiyo hali ya kawaida ya binadamu. Hakuna awezaye kutimiza yote anayodaiwa, basi maisha ni kupatana bei siku zote, lipi lilipwe lote, lipi lilipwe nusu, lipi lingoje. Ndivyo. Tofauti ni kwamba Salman alikata shauri ndani ya nyumba ya mwenziwe, akala naye.

Na asidhani mtu kwamba dhiki hii huwapata wasio na elimu. Abu Hamid al-Ghazali aliwekwa katika Madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad mwaka 484 wa Hijra, yaani 1091, na mamia ya wanafunzi wakimsikiliza. Miaka minne baadaye, katika mwezi wa Rajabu mwaka 488, ulimi wake ulifungwa. Amesimulia mwenyewe kwamba alikuwa akijilazimisha kusomesha siku moja ili kuwaridhi wanafunzi, na neno halitoki. Kisha chakula kikawa hakimezeki. Matabibu wakasema kwamba jambo hili limeanza moyoni. Karibu miezi sita alikuwa akivutwa huku na huku, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, mpaka akauacha ualimu wa Baghdad, akagawa mali yake, akabakiza ya kuwatosha watoto, akaenda Sham. Hakurudi kusomesha katika madrasa kubwa hata mwaka 499.

Mwalimu wa chuo cha Ngamiani akiisoma khabari hii hufarijika, na pia hucheka kidogo. Maana Ghazali alikuwa na cha kuwaachia watoto. Sisi tukiacha chuo kwa miaka kumi na mmoja, nani atalipa kodi ya nyumba? Kwa hiyo kwa watu wa hali yetu namtaja zaidi Abu Zaid al-Balkhi, aliyekufa mwaka 322 wa Hijra, 934 kwa hesabu ya Kizungu. Huyu alitunga kitabu juu ya maslaha ya miili na ya nafsi, akasema jambo ambalo matabibu wengi wa wakati wake waliliacha: kwamba nafsi nayo huugua, na huugua mara nyingi kuliko mwili, kwa kuwa mtu aweza kukaa miaka asipatwe na homa, lakini hapiti siku nyingi bila hasira, au hofu, au huzuni, au wasiwasi. Dawa yake ni ya watu wa kazi. Mtu akiwa katika utulivu, ajiwekee fikira njema akibani, kama mwenye nyumba awekavyo dawa kabla ya homa kufika. Maana mtu hawezi kuanza kutafuta hekima hali moto umekwisha kuwaka kichwani. Na akasema kwamba dawa nyingine ni lazima itoke nje, kwa mtu mwingine, kwa kuwa aliyeshikwa na dhiki haoni vizuri.

Sasa tuje kwetu.

Nchi hii ya Tanga imelelewa na mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche yake kutoka Florida. Iliyofika hai, kwa mapokeo, ilikuwa 62, ikapandwa karibu na Pangani. Mwaka huo huo ikaanza kujengwa reli ya Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911. Mashamba yakataka watu, na watu wakaletwa kutoka mbali. Mfanyakazi alipewa kadi iitwayo kipande, yenye nafasi za siku 30, na hakupata mshahara wake mpaka azitimize. Waliokuja kwa mkataba wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba. Fikiri, ndugu yangu. Mtu kwao ni baba wa fulani, mjomba wa fulani, huamkiwa kwa heshima. Akifika kambini anakuwa namba. Dhamana zake zote hazikuondoka, kwa kuwa nyumbani walikuwa wakingoja fedha, lakini jina lililozichukua limeondoka. Hii ni dhiki ya namna yake, si wingi wa majina bali ukosefu wa jina.

Kisha ikaja dhiki iliyo kinyume chake. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani zaidi ya 200,000 za mkonge. Mwaka 1967 mashamba mengi yakachukuliwa na serikali, na kamba zitengenezwazo kwa mitambo ya kemikali zikashusha bei ulimwenguni, hata mwishoni mwa miaka ya 1990 zikawa zimebaki kama tani 20,000 tu. Wanaume waliozoea kuitwa watu wa kazi wakaketi vibarazani mchana, na hapo ndipo mume ajulikanapo. Mume aliye kazini akiulizwa unga umekwisha, husikia khabari ya unga. Mume asiye na kazi akiulizwa vivyo hivyo, husikia tusi. Mke wake hakutukana. Maneno ni yale yale, mtungi ndio umepasuka.

Tukitaka mfano wa mtu aliyechukua dhamana nyingi bila kumwaga, hatuna haja ya kwenda mbali. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alikuwa karani wa forodha tangu 1926, akihamishwa kituo hiki na hiki kwa amri ya wakubwa. Mwaka 1942 alifiwa na mkewe Amina, watoto wakabaki mikononi mwake. Naye alikuwa karani mchana, baba na mjane jioni, na mtunzi usiku. Aliwaandikia wanawe tenzi za mawaidha, mmoja kwa binti na mmoja kwa mwana. Sidai kujua yaliyokuwa moyoni mwake. Naona tu kwamba neno la baba, ambalo wengi wetu hulitoa kwa ukali mlangoni tukivua viatu, yeye alilitenga mbali na uchovu wa siku, akalipa kalamu na wakati wake.

Ama dhiki za wanawake, hapa lazima niseme jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawatalipenda.

Katika vijiji vya pwani yetu, na mijini pia, mwanamke hushikwa na pepo. Kichwa humwuma, hali, halali, hazungumzi, au husema kwa sauti isiyo yake. Huitwa fundi, huwekwa kilinge, hufukizwa ubani, ngoma hupigwa, na pepo hupanda kichwani akataja jina lake na haja yake. Haja yenyewe ni nini? Mara nyingi ni nguo, na marashi, na chakula chema, na kutopigwa kelele. Masheikh wengi wamelikemea jambo hili, nami siwapingi katika hukumu yao: kumwomba asiyekuwa Mungu ni haramu, na gharama yake imefilisi nyumba nyingi, na mafundi wengine ni waongo. Lakini kukemea si kufahamu, na tabibu asiyefahamu maradhi hukemea homa.

Hans Koritschoner, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Hans Cory, alieleza ngoma ya shetani ya Tanganyika mwaka 1936, akaitaja kuwa ni tiba ya maradhi ya nafsi. Mwaka 1969 Robert Gray akatoa maelezo yake juu ya mashetani miongoni mwa Wasegeju wa pwani ya Tanga, na mwaka 1971 Ioan Lewis akayakusanya haya na ya nchi nyingine nyingi akasema: mwanamke asiyepewa nafasi ya kunena kwa jina lake, hunena kwa jina la pepo, na mume asiyemsikiliza mke humsikiliza shetani, kwa sababu ya kuogopa. Wengine baada yake walimpinga, wakasema amewafanya wanawake wale kuwa wenye hila, na kwamba wenyewe huyaamini wayasemayo na huumwa kweli. Nami naona hivyo, huumwa kweli. Si hila. Mwili umechoka kunyamaza.

Sasa rudi kwa Ummu Dardaa na nguo zake chakavu. Pepo aombaye kanga mpya kwa ngoma ya siku saba, na mama yule wa Madina aliyekaa na nguo mbovu mbele ya mgeni, wote wawili wanasema neno moja. Mmoja alipata Salman wa kumwuliza, mwingine amepata fundi. Ikiwa twachukia kilinge, basi yatupasa tujiulize kwanza kwa nini katika nyumba zetu fundi alifika kabla ya Salman. Nalimsikia mume mmoja akilalamika kwamba pepo wa mkewe amemla fedha za miezi mitatu. Nikamwuliza: kabla ya pepo, mkeo alikuomba nini? Akafikiri sana, akasema, hakuniomba kitu, alikuwa mke mwema, alikuwa kimya.

Wanawake wetu wanazo njia nyingine, nazo ni nyepesi kwa mfuko. Kuna somo au kungwi, aliyemlea msichana katika mwali wake, ambaye hata akisha kuolewa miaka ishirini aweza kumwendea na mashaka ya ndani asiyoweza kumwambia mamake. Kuna kanga, ambazo tangu mwanzo wa karne ya ishirini zimekuwa na maneno yaliyopigwa chapa. Mke humfikishia mumewe, au mke mwenza, au jirani mpekuzi, neno asilolitamka, na akiulizwa husema hii ni nguo tu. Katika taarabu za Tanga, mji uliokuwa na Black Star na Lucky Star, mwanamke huinuka kwenda kumtunza mwimbaji wakati wa ubeti unaomfaa, naye aliyekusudiwa hujua. Kelly Askew, aliyekaa Tanga akayatazama haya kwa miaka, aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka 2002. Sisifu mipasho, maana mara nyingine huwasha moto badala ya kuuzima. Nasema tu kwamba watu hawa wamejua siku nyingi kwamba neno lisilopata mlango hutoka kwa ukutani.

Ama dawa iliyo bora kuliko zote tulizorithi, kwa rai yangu, ni utani, nami nastaajabu kwamba vijana wanauacha. Reginald Moreau, aliyekuwa Amani katika milima ya Usambara, mtu ambaye elimu yake hasa ilikuwa ndege, aliacha ndege wake kidogo akaandika juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1941. Aliona kwamba kabila na kabila zilizopigana zamani, au zilizokutana katika misafara, zimefanya mapatano: mtani humtukana mtani wake asikasirike, humnyang'anya kitu asishitakiwe, na siku ya msiba huja kumzika. Na katika msiba ndipo ujuzi wake uonekanapo. Nyumba imejaa watu wazito, kila mmoja ameshika dhamana yake: mjane hapaswi kucheka, mwana mkubwa hapaswi kulia, shemeji ahesabu sahani. Huingia mtani. Huigiza mwendo wa marehemu, hudai deni asilodai, hulala juu ya jeneza akisema haliondoki mpaka alipwe, na yule mwana mkubwa, aliyejikaza tangu alfajiri kama nguzo, hucheka, na katika kucheka machozi humtoka. Hakuna aliyemwambia alie. Mtani amemvua mtungi kichwani kwa dakika tano, akamrudishia.

Utani una mipaka ya sheria, na yapo maneno machafu yasiyofaa mbele ya maiti. Lakini shina lake ni rehema. Mtani ni mtu ambaye huna dhamana kwake wala yeye kwako, na kwa hiyo mbele yake waweza kuwa mtu tu.

Beni ilikuwa na kitu kama hicho. Baada ya vita vya 1914 hata 1918, Marini na Arinoti walicheza pwani nzima, na mpagazi aliyeitwa boi siku sita, siku ya saba akawa Jenerali au Kingi, ana sare, anaamuru. Wenye vyeo wa mji walicheka, na wanazuoni walikasirika kwa israfu, na israfu ilikuwapo kweli. Lakini vyama vile viliuguza wagonjwa na kuzika maiti wa wageni wasio na jamaa. Namba ilirudishiwa jina, walau kwa jioni moja.

Mbinu zilizo mbaya sina haja ya kuzirefusha. Mwenye kutafuta nafasi ya moyo katika ulevi amekopa kwa riba. Mwenye kukimbia nyumba akalala kwa rafiki amehamisha deni kwa mke. Na mwenye kumshushia mdogo alichopewa na mkubwa, huyo ndiye mimi, na ndiye karani aliyekaripiwa na mkuu wake akamkaripia tarishi, na nahodha aliyerudi na chombo kitupu wakati wa kusi akampiga teke mwanamaji. Kwa hili tumefundishwa dawa ya mwili, na si ndogo: mwenye hasira akiwa amesimama na aketi, akiwa ameketi na alale, na atawadhe. Mtu akiketi, mkono wake hufupika. Na dhiki ikizidi mpaka, usingizi ukakatika wiki kwa wiki, au mtu akaanza kutamani kufa, hapo si mahali pa mawaidha. Apelekwe hospitali kama apelekwavyo mwenye kuvunjika mguu. Wala mkoa wetu si mgeni wa kazi hiyo: Lutindi, milimani upande wa Korogwe, palianza mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani, na miaka michache baadaye pakawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Wamisionari ndio walioanzisha. Dawa haina kabila.

Nalisema kwamba mtoto hakuja chuoni. Siku ya tatu, baada ya magharibi, nalikwenda kwao Makorora. Babake ni mchukuzi wa bandarini. Nikamkuta ameketi juu ya mkeka, miguu yake imo katika karai la maji ya moto. Akaniamkia kwa adabu kuliko nilivyostahili, akataka kuinuka, nikamkataza. Nikamwambia: ndugu yangu, mwanao nalimpiga kwa dhuluma, kosa halikuwa lake, nimekuja kutaka radhi kwako na kwake. Akamwita mtoto, nami nikamwambia vivyo hivyo mbele ya babake. Sikupata kuona mwalimu akifanya hivi, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Yule baba akakaa kimya akitazama maji. Kisha akasema: "Maalim, mimi nami nalimpiga usiku ule ule. Nalitoka kazini nimevunjwa siku yangu, nikasikia amepigwa chuoni, nikasema mtoto huyu lazima ana utundu."

Hatukusema tena kwa kitambo. Mamake mtoto, aliyekuwa nyuma ya pazia, akaleta kahawa.

Jumamosi mtoto akaja na ubao wake, akaketi mahali pake pa zamani, karibu na mlango. Akaanza aya ile, na alipofika pale akatamka hamza mahali pa ain. Akainua macho kunitazama. Nalikuwa nimesimama, nikaketi. Nikamwambia arudie.